Mbuga za mashariki hazilindwi kwa bunduki peke yake: tunahitaji pia watafiti wetu

Kila mara damu inapomwagika ndani ya Virunga ao Kahuzi-Biega, mjadala wetu unarudi palepale. Wengine wanaomba walinzi waongezwe. Wengine wanaomba mipaka ya mbuga irudishwe nyuma ili wanainchi wapate kulima. Kila upande unasema kwa nguvu. Lakini uliza maswali matatu madogo, utaona barza nzima inanyamaza. Ni wanyama wangapi wamebaki? Makala tunayopikia mjini Goma ni kiasi gani inatoka ndani ya mbuga? Na familia inayoishi kando ya mbuga inapoteza nini kila mwaka, na inapata nini?

Maswali haya yanajibiwa na utafiti. Na kati ya vitu vyote ambavyo mbuga zetu zinakosa, utafiti unaofanywa na Wakongomani, hapa kwetu, kwa maswali ya watu wa hapa, ndio unasahauliwa zaidi.

Si kwamba sayansi ni kitu kigeni kwetu. Virunga iliundwa mwaka 1925, ikawa mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika. Mwaka 1959 na 1960, Mmarekani George Schaller aliishi Kabara, chini ya mlima Mikeno, akichunguza gorila wa milimani. Dian Fossey naye alianzia Kabara mwaka 1967, kabla ya machafuko kumfanya ahamie upande wa Rwanda miezi michache baadaye. Kazi iliyoanzia kwetu ikaendelea ngambo ya pili ya mlima, na kituo alichojenga huko kikapata jina dunia nzima. Kwetu Kabare, kituo cha Lwiro kilichojengwa wakati wa ukoloni bado kipo, na watafiti Wakongomani wamefanya kazi pale miaka mingi, lakini mara nyingi kwa njia ndogo sana.

Tuangalie faida ya kuhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, gorila wa milimani katika milima ya Virunga, kwa inchi zote tatu, walikuwa karibu 250. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilikuta 604. Watafiti walipolinganisha makundi, waliona kwamba yale yanayofuatwa na walinzi karibu kila siku, na kutibiwa na madaktari wa wanyama, ndiyo yaliongezeka. Bila hesabu, nani angejua kama pesa na maisha ya walinzi vilizaa matunda?

Tuangalie pia hatari ya kuhesabu nusunusu. Gorila wa bonde, wale wa Kahuzi-Biega na misitu ya Walikale na Maiko, walikadiriwa kuwa karibu 17,000 katika miaka ya 1990. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba wamebaki 3,800 tu. Mwaka 2021 hesabu mpya ikasema 6,800. Gorila jike anazaa mtoto mmoja baada ya miaka kama minne; hawawezi kuongezeka hivyo kwa miaka mitano. Kilichobadilika ni kwamba watafiti walifika katika misitu ambayo zamani haikuhesabiwa vizuri, na mingine iko nje ya mbuga, katika misitu ya wenyeji. Hapo kuna somo kubwa: watu wa vijiji wanachunga gorila wengi kuliko ilivyofikiriwa, na mpango wowote unaowatazama wenyeji kama adui tu unajenga juu ya hesabu mbaya.

Lakini utafiti si wa gorila tu. Nenda Vitshumbi ao Kyavinyonge, kando ya ziwa Edouard. Katika miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Kufikia mwaka 2005, walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kiboko anakula majani usiku inchi kavu, na mchana anaacha mavi yake ndani ya maji. Mavi hayo yanalisha vijidudu na mimea ambayo samaki wanategemea. Wavuvi wanalalamika kwamba samaki wamepungua. Wenye mbuga wanasema kosa ni mitumbwi mingi na nyavu za macho madogo. Wavuvi wanajibu kwamba wenye silaha wanavua bila sheria. Inawezekana kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini ni sehemu gani? Ikiwa hakuna mtu anayepima samaki ufukweni kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, sheria ya uvuvi itaendelea kuamuliwa na mwenye nguvu.

Makala vilevile. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika WWF umesaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kuchoma makala. Huko Rutshuru, kituo cha umeme cha Matebe kinafanya kazi tangu mwaka 2015. Ni mambo mazuri. Lakini jamaa inayopata umeme inapikia umeme huo, ao inawasha taa na televisheni na kuendelea kununua gunia la makala? Ni bei gani ingemfanya mama wa Ndosho ao Majengo aache makala kabisa? Maelfu ya watu waliokimbia vita walikata miti wapi, na miti hiyo inarudi yenyewe ao inapaswa kupandwa? Anayejibu maswali haya ataokoa msitu kuliko anayekamata baiskeli moja ya makala barabarani.

Kuna utafiti mwingine ambao ni mgumu zaidi, kwa sababu unagusa haki. Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilometa za mraba karibu 6,000. Batwa walioishi humo walifukuzwa bila fidia. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni, na tangu hapo watu wamekufa, Batwa na walinzi. Mwaka 2022 inchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki za watu hawa, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi unaowapa haki Batwa wa Kahuzi-Biega. Sasa uamuzi huo utatimizwaje bila kujua familia gani ziliishi wapi, makaburi yako wapi, na ni sehemu gani wazee wao walikataza kukata? Kazi hiyo inahitaji watu wa historia, wa sheria na wa lugha, wakiketi chini pamoja na wazee wa Batwa kabla wazee hao hawajatutoka. Ikifanywa vizuri, inaweza kuzuia vifo. Isipofanywa, kila upande utabaki na hadithi yake na bunduki yake.

Tena wakati huu mambo yanaenda mbio. Mnamo Januari 2025, serikali ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, eneo la kilometa za mraba zaidi ya 540,000. Ni eneo karibu sawa na Ufaransa. Ndani yake kuna mashamba, migodi, vijiji na misitu ya mababu. Ikiwa mbuga ya kilometa 6,000 imetuletea migogoro ya miaka 50 kwa sababu hatukuwauliza wakaaji, tufikiri hatari ya kurudia kosa hilo kwa eneo kubwa kiasi hicho.

Najua jibu la wengi: watu wana njaa, vita inaendelea, miji yetu imepitia mambo mazito, nani atakuwa na akili ya utafiti? Ninaelewa. Lakini vita haijazuia kila kitu. Huko Epulu, katika hifadhi ya Okapi, miti ndani ya hektari 40 inapimwa tena na tena tangu mwaka 1994. Wakati wa vita, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki pale, akaficha mikusanyo ya mimea na maandishi ya kazi ili yasiporwe. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman. Aliyeokoa utafiti huo ni Mkongomani aliyekataa kuuacha, wakati wageni walikuwa wameondoka.

Basi tufanye nini? Kwanza, ICCN na vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo na Kisangani viandike pamoja orodha ya maswali ya haraka kwa kila mbuga, na wavuvi, wakulima, Batwa na wanawake wanaouza makala waketi mezani wakati orodha inaandikwa.

Pili, kila mgeni anayepewa ruhusa ya kutafiti aje kufanya kazi pamoja na wanafunzi wetu, na aache nakala ya hesabu zake hapa inchini. Leo mwanafunzi wa Goma anaweza kukosa ripoti inayozungumzia kijiji chao, kwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa mahali pa kulipia dola. Ila mahali penyewe wanyama wanapolala pasitangazwe, maana mwindaji naye anasoma.

Tatu, jibu lirudi kijijini. Wakaaji wamechoka kuona watu wanakuja, wanauliza, wanajaza karatasi, wanapanda gari na kupotea. Matokeo yaelezwe barzani, kwa Kiswahili, Kinande, Mashi ao Kinyarwanda, na wakaaji wapate nafasi ya kuyapinga.

Ine, sehemu ya pesa za utalii na za hewa ya kaboni iwekwe kando kwa utafiti wa muda mrefu, hata kama ni ndogo. Mradi wa miaka miwili hauwezi kujua kama samaki wanaongezeka ao wanapungua. Na kazi ya kila siku ifundishwe kwa walinzi na wakaaji wenyewe: mvuvi anaweza kupima samaki, mkulima anaweza kuandika siku ambayo tembo waliingia shambani. Hata pale ambapo barabara imefungwa, mwenye kuishi pale anaendelea kuona.

Walinzi wengi wa Virunga wamekufa kazini, na wakulima wengi wamekufa ao kufukuzwa kwa sababu ya mipaka ya mbuga. Wote hao wanastahili uamuzi unaotegemea ukweli uliopimwa. Kwa hiyo wabunge wetu, watakapojadili tena bajeti ya mazingira, waulize swali moja la wazi: kwa kila dola inayonunua risasi za kulinda mbuga, ni senti ngapi zinatumwa kujua kinachoendelea ndani yake?