UCHAMBUZI: Sheria yampa kuku makao Nairobi, jirani angali analalamika

WAHENGA walinena kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Jijini Nairobi linawika, tena alfajiri kabla ya adhana, na swali linalozua ugomvi katika mitaa ya magharibi mwa jiji ni nani mwenye mamlaka ya kulinyamazisha.

Kufuga kuku jijini si kosa. Mwaka wa 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha Sheria ya Kukuza na Kudhibiti Kilimo cha Mjini, iliyotambua kwamba ukulima na ufugaji vina nafasi yake katika kuwalisha wakazi. Lakini kuanzia Kangemi na Kawangware hadi Lavington na Kileleshwa, sheria hiyo haijamaliza mizozo baina ya anayefuga na anayelala upande wa pili wa ua.

Ili kuelewa kiini cha mizozo hii, yafaa kukumbuka jinsi jiji lenyewe lilivyokua. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka wa 1963, Dagoretti, iliyokuwa sehemu ya mashamba ya Kiambu, iliingizwa jijini pamoja na ng'ombe, mbuzi na kuku wake. Kwa familia nyingi za Riruta, Waithaka na Uthiru, basi, si kuku aliyehamia mjini. Mji ndio uliomfuata kuku nyumbani kwake.

Kwa upande mwingine, Lavington, Kileleshwa na Westlands zilikuwa mitaa ya nyumba za chini zenye viwanja vipana. Banda lililofichwa nyuma ya ua wa michongoma halikumsumbua mtu. Tangu miaka ya 2000, nyingi za nyumba hizo zimebomolewa na nafasi yake kuchukuliwa na majumba ya ghorofa. Leo banda lile lile linatazamwa kutoka juu na familia kadhaa, na kila dirisha linapokea harufu na sauti yake. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 katika jiji lenye ukubwa wa takriban kilomita 696 mraba, na hesabu hiyo peke yake yaeleza kwa nini uvumilivu wa zamani umepungua.

Kisheria, pande zote mbili zina hoja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Kifungu cha 42 nacho kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ratiba ya Nne ya Katiba hiyo imezibebesha serikali za kaunti mzigo wa kuendeleza ufugaji na, papo hapo, wa kudhibiti kelele na kero nyinginezo za umma. Ofisi za City Hall, kwa hivyo, ni wakili wa mfugaji na wa mlalamishi kwa wakati mmoja.

Chombo kinachotumika zaidi kutatua kero ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Sheria hiyo inahesabu banda la wanyama au ndege kuwa kero endapo limejengwa au kutunzwa kwa namna inayochukiza au kuhatarisha afya. Afisa wa afya akiridhika kuwa kero ipo, hutoa ilani ya kuiondoa katika muda maalumu, na anayekaidi hufikishwa mahakamani. Utaratibu ni mzuri, ila kipimo chake kimo machoni na puani mwa afisa.

Penye tarakimu napo pana matatizo yake. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, ziliweka kiwango cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi. Hicho ni kiwango cha mnong'ono. Kwa kipimo hicho hakuna jogoo asiye na hatia, wala baa, wala mkesha wa maombi, wala matatu inayopiga honi alfajiri. Sheria inayomkamata kila mtu huishia kutumiwa dhidi ya asiye na wa kumtetea. Mpangaji wa Kawangware mwenye kuku sita aweza kuamriwa na mwenye nyumba kuwaondoa kufikia Jumamosi, ilhali mwenye kiwanja chake mwenyewe huweza kuajiri wakili na kuendelea kufuga.

Asiyefuga naye asidhaniwe kuwa mtu wa maringo. Mlinzi anayerudi kutoka zamu ya usiku anahitaji usingizi. Mama mwenye mtoto anayeugua pumu ana sababu ya kuogopa vumbi na hewa ya amonia. Chakula cha kuku kilichomwagika huvuta panya, na panya hawajui mpaka wa ploti.

Hata hivyo, mengi ya malalamishi haya yana dawa isiyo ghali. Kuku jike hutaga mayai bila jogoo. Jogoo anahitajika tu pale mfugaji anapotaka vifaranga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka wa 2013 kwamba jogoo huwika kwa kuongozwa na saa iliyo mwilini mwake, hivyo kumfungia gizani hakutoshi kumnyamazisha. Afugaye kwa ajili ya mayai amchinje au amuuze. Harufu hutokana hasa na kinyesi kilicholowa: paa lisilovuja, maranda makavu yanayogeuzwa na kubadilishwa mara kwa mara, na samadi inayotolewa mapema huipunguza sana. Chakula kikihifadhiwa katika pipa lenye kifuniko, panya hukosa cha kufuata.

Miji mingine imeandika masharti yake waziwazi. Tanzania ilikuwa na kanuni za kilimo cha mijini tangu mwaka wa 1992. Kampala ilipata sheria ndogo za kilimo na mifugo mwaka wa 2006, miaka tisa kabla ya Nairobi. New York inaruhusu kuku jike na kupiga marufuku jogoo, na kwa sentensi hiyo moja kesi nyingi huisha kabla ya kuanza. Ufaransa, baada ya jogoo aitwaye Maurice kushinda kesi mwaka wa 2019, ilipitisha sheria mwaka wa 2021 ya kulinda sauti na harufu za mashambani, lakini mashambani tu.

Nairobi haina budi kuchagua kwa uwazi kama huo. Mfugaji anastahili kujua, kabla ya kununua mbao, ni kuku wangapi wanaoruhusiwa katika ploti ya ukubwa wake, banda likae umbali gani kutoka dirisha la jirani, na kama jogoo anakubalika. Katika majumba ya ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inawawezesha wamiliki kujiwekea kanuni kupitia shirika lao la usimamizi. Katika ploti za kukodi, ambako ndiko waliko wengi wanaotegemea trei ya mayai kujazia karo, wapangaji hawana shirika kama hilo. Hao ndio wanaoihitaji kaunti zaidi, na masharti yao yanapaswa kubandikwa katika ofisi ya kila wadi kwa lugha wanayoielewa.