Mzee Aulizwe Angali na Jibu

Binti mmoja alimleta baba yake kliniki, fomu ya benki mkononi. Mzee, mtumishi wa umma mstaafu, alikuwa amesahau namba ya siri ya kadi yake, na saini yake haikufanana tena na ile iliyohifadhiwa benki. Binti aliomba jambo alilolidhani dogo: "Daktari, andika tu kwamba ana akili timamu." Nilimwamkia mzee, nikamuuliza fedha zile ni za kazi gani. Alitabasamu, akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai. Sikuweza kutia saini.

Miaka mitatu kabla ya siku ile angeweza kunijibu. Jalada lake laonyesha kwamba sisi madaktari tulikwisha kumwona kwa sababu ya usahaulifu. Tukampima, tukampa dawa, tukampangia tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemuuliza angependa nani amshikie mambo yake. Kosa hilo ni letu kabla halijawa la familia. Kutambuliwa kuwa na demensia si kupoteza akili timamu siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliye katika hatua za mwanzo mara nyingi aweza kuamua mambo yake, hasa asubuhi, akiulizwa polepole na jambo moja kwa wakati.

Majumbani, kutaja wosia huhesabiwa uchuro. Hata familia zilizoushinda woga huo hudhani kwamba wosia, hata ukihifadhiwa RITA, umemaliza kila kitu. Wosia hauna nguvu mpaka mwenyewe afariki, ilhali demensia yaweza kumkaa mtu miaka mingi kabla ya hapo. Katika miaka hiyo nani atakusanya kodi ya wapangaji na kumlipa mlezi?

Wengine hutegemea hati ya uwakilishi. Wachache wanajua kwamba kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania uwakala hukoma pale aliyeutoa anapopoteza akili timamu. Hati huzimika siku ile ile iliyohitajika. Kinachobaki ni kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali, na huko ndugu huanza kutazamana kwa jicho la shaka. Uingereza ilitunga sheria ya hati isiyokoma kwa namna hiyo mwaka 1985. Sioni sababu ya Bunge letu kutoifanya kazi hiyo.

Sheria isipobadilika, bado tuna la kufanya. Mzee aeleze mbele ya watoto wote, si mbele ya yule anayetuma fedha peke yake, pensheni inaingia wapi, hati ya nyumba iko kwa nani, angependa kuishi na nani, nani amwogeshe, na kama angekubali kulishwa kwa mrija. Daktari ayaandike maneno hayo katika jalada pamoja na tarehe na hali ya ufahamu wake. Maandishi hayo hayamfungi hakimu, lakini humwachia sauti ya mzee mwenyewe.

Binti yule aliondoka na ripoti ya kitabibu ya kupeleka mahakamani. Mlangoni mzee alinishika mkono, akaniuliza tena habari ya chai.