Macho ya Kongwa na Macho ya Mbagala

Mwananchi wa Mbagala au Manzese akisikia kwamba mtaalamu kutoka ng'ambo ametumia miaka mingi ya maisha yake kuchunguza ugonjwa wa macho katika vijiji vya Kongwa, yaelekea atauliza jambo moja tu: watu wa Kongwa wamepata nini? Swali hilo ni la haki, na hapana budi lijibiwe kwa ushahidi wala si kwa shangwe.

Mtaalamu tunayemzungumzia ni Profesa Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Yeye si tabibu wa kupasua macho. Kazi yake ni kuchunguza jinsi maradhi yanavyoenea katika jamii. Katika miaka ya 1980 utafiti wake ulianza Kongwa, ile ile ambayo Waingereza walitaka kuigeuza shamba la karanga wakashindwa, na ambayo baadaye iliwapokea wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Ugonjwa uliokuwa ukiwatesa watu huko ni vikope, yaani trakoma.

Vijidudu vya trakoma huwashika kwanza watoto wadogo. Macho huvimba na kutoa tongo. Mtoto hupona, akaambukizwa tena, akapona, akaambukizwa tena. Baada ya miaka ya uvimbe wa namna hiyo, upande wa ndani wa kope la juu huingia makovu, kope likajikunja, na nywele zake zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Upofu wenyewe huja ukubwani. Wanawake hupofuka hadi mara nne kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto.

Wengi wetu tungedhani kwamba dawa ya haya yote ni bomba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba, kweli, nyumba zilizo mbali na maji zilikuwa na trakoma zaidi. Lakini wingi wa maji yaliyoletwa nyumbani kila siku haukuwa na uhusiano na ugonjwa. Kumbe nyumba mbili zaweza kuteka ndoo sawa, moja ikanawisha watoto nyuso na ya pili isinawishe. Kwa hiyo wachunguzi walilazimika kuuliza swali ambalo si la kitabibu hata kidogo: katika nyumba ya Mgogo, nani huamua maji yatumike kwa kazi gani? Ni baba, ni mama, au ni kijiji? Kwa maoni yetu, swali hilo lina thamani kuliko mashine nyingi za hospitali. Mwaka 1995 yakatangazwa matokeo ya vijiji sita: vyote vilipewa dawa ya kupaka, na vitatu vikaongezewa kampeni ya kunawa uso iliyowashirikisha wanakijiji wenyewe. Katika hivyo vitatu trakoma kali ilipungua zaidi.

Toka 1998 kampuni ya Pfizer ilianza kutoa bure dawa ya kumeza, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Katika kijiji cha Kahe Mpya, Rombo, ambako wachunguzi wengine walifanya kazi, maambukizo yalishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 0.1 katika miaka miwili. Maindi, Kongwa, ambako zaidi ya nusu ya watu walikuwa wameambukizwa, yalishuka sana, kisha yakaanza kupanda tena. Palipo na ugonjwa mzito kidonge kimoja hakitoshi.

Tuseme pia, bila kinyongo, kwamba katika taarifa za mwanzo majina ya Mmbaga na Katala yamo, lakini yamefuata ya Taylor na West.

Hapa Dar es Salaam vikope si tishio. Tishio letu ni kisukari, kinachoharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa yake midogo huvuja pasipo maumivu yoyote, na mgonjwa huendelea kuona vizuri mpaka madhara yamekuwa makubwa. Mionzi ya leza na sindano huweza kuzuia yasiendelee, lakini mara nyingi haviwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Wataalamu wapo Muhimbili na CCBRT kule Msasani. Lakini nani katika nyumba ya Tandika ataamua kwamba nauli na kibarua cha siku nzima vitolewe kwa ajili ya jicho ambalo bado linaona? Hospitali huwahesabu waliofika. Wasiofika hawamo daftarini.

Wataalamu wa KCMC, Moshi, walilitambua hilo wakaanzisha mpango wa kupeleka kamera ya kupiga picha ya retina kule kule kwenye kliniki za kisukari, siku ambayo mgonjwa amekuja kwa haja zake za kawaida. Tungependa Halmashauri za Temeke na Kinondoni ziwaeleze wananchi hadharani: kati ya wagonjwa wa kisukari walioandikishwa katika zahanati na vituo vyao vya afya, ni wangapi waliopigwa picha hiyo katika miezi kumi na miwili iliyopita, na wangapi kati ya walioonekana na dosari walifika kutibiwa?