Roboti na Jina Lake: Dhidi ya Uvivu wa Herufi na Tarakimu

Umezuka mtindo katika miswada ya hadithi za kisayansi tunayoletewa na wanafunzi wetu, wa kuziita roboti kwa herufi na tarakimu: XR-7, ZT-400. Tukiuliza sababu, twajibiwa kwamba ndivyo sayansi ilivyo. Jibu hili halina mashiko.

Neno "roboti" halikutoka maabara. Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. (1920), kwa pendekezo la nduguye Josef, kutokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya shokoa. Humo, roboti wawili wanaitwa Marius na Sulla. Hawa walikuwa majemadari mahasimu wa Roma. Mkurugenzi wa kiwanda adhani walikuwa wapenzi, na jina la Sulla limebandikwa roboti wa kike. Kosa hilo ndilo hoja: mwenye mali humpa mtumishi jina bila kujali maana yake. Hata kwa Isaac Asimov, katika "Runaround" (1942), alama SPD-13 inageuka kuwa Speedy vinywani mwa wanaofanya kazi na mashine hiyo. Wanafunzi wetu wameiga alama, wakauacha uhusiano.

Ajabu ni kwamba tajiriba hii si ngeni kwetu. Katika Pwani ya karne ya 19, aliyeletwa utumwani mara nyingi alipewa jina jipya: Mabruki, Baraka, Feruzi. Ni majina ya neema na vito, kwa mtu asiyemiliki hata nguvu za mikono yake. Tena ni majina yasiyofuatwa na "bin" wa ukoo wowote. Mwandishi anayebuni Mombasa ya miaka 30 ijayo, yenye roboti bandarini, ana hazina hii mlangoni pake. Kwa nini aende kuazima XR-7?

Isitoshe, sarufi yetu haimruhusu kukwepa. Msomaji makini ameona kwamba sisi wenyewe tumeandika "kuziita roboti", kisha "roboti wawili". Roboti aitwaye Baraka akianguka kazini, je, tuseme "Baraka imeharibika" au "Baraka amekufa"? Katika upatanisho huo mmoja mna mgogoro mzima wa riwaya: nani ni mtu, nani ni chombo, na nani ameamua. XR-7 huuficha mgogoro huo, jina huufichua.

Wako watakaosema Kiswahili hakijazoea utanzu huu. Na wamsome Katama Mkangi, ambaye katika Walenisi (1995) alimrusha mhusika wake angani hadi nchi ambayo jina lake, likitenganishwa, ni "wale ni sisi". Jina hilo limebeba falsafa ya kitabu kizima.

Hatudai kila roboti iitwe Feruzi. Tunachodai ni kwamba mwandishi ajiulize, kabla ya kuandika jina, ni nani katika hadithi aliyelitoa, na kwa haki gani. Asiyeweza kujibu hajabuni mhusika, ameagiza kipuri.