Jina Halijazi Chungu

Mzazi mwenzangu, mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, wenye familia nyingi za Kiislamu, hauko mbali na Uwanja wa Afraha. Watoto wa huko hukua na mpira miguuni. Nao wana la kujivunia: Nakuru All-Stars ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, ikautwaa tena mwaka 1969. Lakini waulize majina ya mabingwa hao. Ni nadra kumpata atakayekutajia hata mmoja. Mtaje Joe Kadenge, na hata asiyewahi kumwona atakujibu: “Kadenge na mpira!”

Kadenge hakuwa mtu wa Nakuru. Alitoka Magharibi mwa Kenya, akaichezea Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, pamoja na timu ya taifa. Ustadi alijaaliwa. Hata hivyo, waliomwona uwanjani walikuwa wachache kuliko waliomsikia redioni. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, ndiye aliyeliingiza jina hilo majumbani, hata mama aliyekuwa jikoni akamjua Kadenge bila kukanyaga uwanja. Umaarufu wake, basi, ulitokana na miguu yake mwenyewe na ulimi wa mwana wa Pwani.

Je, umaarufu huo ulimfaa nini? Alipoacha kucheza aligeukia ukocha, na mwaka 2002 akainoa Harambee Stars. Lakini kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa kuendesha teksi jijini Nairobi. Kazi ya halali haina aibu. Ila tuzingatie: jina lilimletea salamu kila kona, na chakula kilitoka kwenye usukani.

Mtazame naye J. J. Masiga, mshambuliaji wa AFC Leopards na Harambee Stars katika miaka ya 1980. Huyu alisomea udaktari wa meno. Siku za magoli zilipokwisha, taaluma yake ilikuwa ikimngoja.

Kwa hiyo mwanao, awe wa kiume au wa kike, akikwambia anataka kuwa mchezaji, usimvunje moyo, wala usikubali mpira umtoe darasani. Mpangie saa za mazoezi na saa za kitabu. Akiitwa na timu, usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuisoma, na uulize: akiumia goti, nani atamtibu? Akifikisha miaka thelathini na mitano, atakuwa na ujuzi gani mwingine?

Kadenge alifariki tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84, na sifa zikamiminika nchi nzima. Mitaani mwetu wapo wachezaji wa zamani ambao bado wako hai. Tuwajulie hali sasa, tuwape vijana wetu wawafunze, na tuwalipe kwa kazi hiyo.