Tuwafundishe wachoraji vijana kuiga vizuri

Kijana anayeanza kuchora leo Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa huambiwa atafute mtindo wake kabla hata hajajua rangi ipi hukauka haraka na ipi huchelewa. Huambiwa na walimu, na wenye maduka ya picha, na wenzake mitandaoni, na ushauri huo haukosi kufuatwa na onyo: usiige. Nia ni njema, maana hakuna anayefurahi kuona vijana wakiwa vivuli vya watu wengine. Hata hivyo naamini ushauri huu unawachelewesha wengi na kuwavunja moyo wengine, kwa kuwa unamtaka mtu aanze na kile ambacho kwa kawaida huja mwisho. Msanii hufika kwenye mkono wake mwenyewe kwa kuiga, tena kwa kuiga sana. Linalotenganisha anayefika na anayebaki njiani ni kile anachokiiga. Wengi huiga picha iliyokwisha. Wachache hurudi nyuma wakaiga maamuzi yaliyoizaa picha hiyo, na hao ndio ambao baadaye huamua tofauti.

Tumwangalie Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam kutafuta riziki. Alianza kuchora karibu na mwaka 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yote iliyobeba jina lake ilifanywa ndani ya miaka minne hivi. Hakupita chuo cha sanaa. Alichokuwa nacho ni vipande vya hadibodi vya mraba, kama futi mbili kwa mbili, na rangi ya mng'ao ya dukani, ile inayopakwa milango na baiskeli. Aliyewahi kuishika rangi hiyo anaijua tabia yake. Haikubali kuchanganywa taratibu ubaoni ili kivuli kiingie polepole ndani ya mwanga. Ukiilazimisha hugeuka tope. Hukawia kukauka, na ukipitisha mstari juu yake ikiwa mbichi, mstari huvuja. Basi Tingatinga alipaka usuli wa rangi moja, akauacha ukauke, akaweka juu yake mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao karibu wote, halafu akamalizia madoa na manyoya kwa brashi nyembamba. Hapakuwa na umbali, wala kivuli, wala anga yenye kina. Tunachokiita leo mtindo wake kilikuwa majibu ya mtu mmoja kwa maswali ya kazi: rangi hii inaweza nini, ubao huu unatosha nini, na mpita njia wa Oysterbay, pale Morogoro Stores, atasimama mbele ya picha gani.

Alipofariki aliacha ndugu na wanafunzi wachache, akina Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah, na hao nao wakafundisha wengine, hadi mwaka 1990 wachoraji wa Tingatinga wakawa na ushirika wao. Familia nyingi zimekula kwa kazi hiyo na sitaidharau hata kidogo. Lakini ukipita mbele ya mabanda ya picha na kutazama kwa utulivu, utaziona njia mbili zikiachana. Yupo anayechora chui kwa sababu chui huuzika, na usuli wake ni wa rangi moja kwa sababu ndivyo alivyoukuta. Leo huyo anachora kwenye turubai, ambayo mtalii huikunja na kuitia kwenye begi. Ana rangi nyingi kuliko alizokuwa nazo mwanzilishi, na wateja wengine kabisa. Maswali yamebadilika, majibu yamebaki yaleyale. Na yupo mwingine, mfano marehemu David Mzuguno, aliyeichukua rangi ileile ya mng'ao na subira ileile ya kungoja tabaka likauke, kisha akajiuliza itakuwaje tabaka zikiongezwa badala ya kupunguzwa. Akapata misitu iliyosongamana, jani juu ya jani, ndege wakichungulia katikati ya majani, na nafasi tupu ya Tingatinga ikatoweka kabisa. Wote wawili wametoka kwenye chanzo kimoja. Mmoja alirithi sura, mwingine akarithi namna ya kufikiri.

Vinyago vinaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi, kwa kuwa mpingo ni mgumu na kosa la tezo halifutiki. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka kutoka Msumbiji walikuja na ufundi uliokwisha kukomaa, na katikati ya karne ya 20 soko la Dar es Salaam liliwazoesha kuchonga watu wa kawaida kwa umbo la kawaida: mzee na fimbo yake, mama na mtungi. Karibu na mwisho wa miaka ya 1950, Samaki Likankoa akaanza kuchonga mashetani, viumbe wenye jicho moja au kiungo kilichokatika, miili inayofuata mpindo wa tawi lenyewe. Hakuyabuni kutoka hewani, kwani wenzake wote walizijua habari za mashetani tangu utotoni. Alichoamua ni kwamba habari hizo zinafaa kuingia kwenye mti, na kwamba mti wenyewe una haki ya kusema umbo liende wapi. Roberto Yakobo Sangwani naye alichonga mshindi wa mieleka akiwa amebebwa na wenziwe, watu juu ya watu kwenye gogo moja. Umbo hilo likaja kuitwa ujamaa, likawa alama ya siasa ya nchi nzima, na mamia ya wachongaji wakalirudia. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2005, aliingia kwenye uchoraji akitokea katika uchongaji huo. Aliyahamisha mashetani kutoka kwenye mpingo akayapeleka kwenye rangi, yakawa yanacheza, yanagombana na kufanya kazi za mtaani, yakiwa na masikio makubwa na matumbo ya mviringo. Ukimtazama kwa haraka utasema huyu hafanani na mtu yeyote. Ukimtazama polepole utaona alichochukua kwa wachongaji, utaona alichochukua kwa watu wa Tingatinga, na utaona mahali hasa alipogeuka.

Wapo watakaosema kwamba habari ya mtindo wa mtu mmoja ni ya wageni, na kwamba sanaa yetu ni ya jamii, haina haja ya sahihi ya mtu. Hoja hii ina uzito, maana ni kweli kwamba ufundi mwingi tulionao ulikuzwa na vizazi ambavyo majina yao hayakuandikwa. Ila haifiki mbali. Hakuna sanaa ya pwani yenye kanuni nyingi za pamoja kuliko ushairi, wenye vina na mizani ambavyo kila mtunzi huvikuta tayari. Hata hivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa anatambulika ndani ya kanuni hizo kwa kuyaingiza humo mambo ya mjini, ugomvi wake na siasa zake. Siti binti Saad alikuta taarabu ya Unguja ikiimbwa kwa Kiarabu, akajifunza uimbaji huo hadi akaumudu, kisha akaimba kwa Kiswahili habari za watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Jamii iliwapa wote wawili umbo, nao wakalitia uamuzi. Kwa hiyo mtindo wa mtu na sanaa ya jamii havigombani. Cha pili ndicho kinachokilea cha kwanza.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka kwa wasanii wenyewe. Elimo Njau, mchoraji aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi katikati ya miaka ya 1960, alisimama maisha yake yote kuupinga uigaji, akiuona kuwa unalaza kile ambacho Mungu amemtilia mtu ndani. Na mfano wa Lubumbashi unaonekana kumuunga mkono. Mwaka 1946, mji huo ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji akakataa kabisa kuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Walitoka humo watu watatu ambao huwezi kuwachanganya: Bela Sara aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga aliyejaza picha kwa vistari vidogo vilivyopangwa sambamba, na Pilipili Mulongoy wa samaki, ndege na nyoka waliotulia juu ya usuli wenye alama ndogondogo. Karakana moja, mwalimu mmoja, rangi zilezile. Je, hawa hawakufika bila kuiga?

Nakubali kwamba hawakunakili picha za mabwana wakubwa wa Ulaya, na ninamshukuru Njau kwa ukali wake, kwa sababu aliwaona vijana wakichora vibanda na machweo ya jua ya kuuzia wageni. Lakini tazama kwa karibu kilichowatofautisha wale watatu. Kila mmoja alichagua jinsi mkono wake utakavyougusa ubao, kidole, kistari au kidoa, na akadumu na uchaguzi huo picha baada ya picha, hadi ukaweza kubeba mti, mnyama na mtu. Huo ni uamuzi wa kazi, wa aina moja na uamuzi wa Tingatinga juu ya rangi ya baiskeli. Ulizaliwa kwenye kufanya, wala hakuna aliyekaa pembeni akajichunguza moyo ndipo akaupata. Njau na mimi tunamkataa mtu mmoja, yule anayenakili sura. Mimi naongeza tu kwamba dawa yake ni kumrudisha akasome ile picha upya, aulize kwa nini mstari umekatwa hapa, kwa nini rangi hii imeachwa peke yake. Ukimkataza kutazama, utamwacha mikono mitupu.

Halafu kuna soko, na hapa sina jibu jepesi. Mchoraji analipa kodi na ada za watoto, na mteja mara nyingi anataka kile alichokiona kwa jirani. Kumwambia aache kuuza simba ni kumtaka alale njaa kwa ajili ya hoja yangu. Ila soko lina hatari ya pili isiyosemwa sana, inayompata hata aliyekwisha kuwa na mkono wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msanii aliyesifiwa kwa picha moja huweza kuirudia miaka ishirini hadi akawa anajinakili mwenyewe, bila swali lolote lililobaki. Soko hilohilo limewahi pia kufanya wema. Kinyago cha kwanza cha shetani cha Samaki kilipata mnunuzi, mfanyabiashara Mohamed Peera, ambaye angeweza kabisa kukirudisha na kuagiza mzee mwenye fimbo. Angalifanya hivyo, pengine tusingekuwa na Lilanga.

Kwa hiyo wanaofundisha, iwe chuoni au chini ya mwembe nje ya duka la picha, naomba waache kuwauliza wanafunzi mtindo wao ni upi. Wampe kijana picha moja ya fundi anayempenda, aichore upya kwa ukubwa uleule na rangi zilezile, kisha aichore tena huku amenyimwa kitu kimoja ambacho fundi alikuwa nacho: rangi nyeusi, au brashi nyembamba, au usuli uliopakwa kabla. Atalazimika kuamua, na uamuzi huo utakuwa wake. Na sisi wanunuzi, tukisimama mbele ya ukuta wa chui ishirini wanaofanana, tumuulize aliyechora kama ana picha ambayo hajawahi kuitundika kwa kuogopa kwamba haitauzika. Kwa kawaida ipo, imeegemezwa nyuma ya nyingine. Tuitazame, na ikitugusa tuinunue hiyo.