Mfungwa na Mlowezi

Mwanafunzi mpendwa, katika insha nilizosahihisha majuzi kuhusu makoloni ya Waingereza, mmoja wenu aliandika kwamba Australia "ilijengwa na wahalifu". Sikulikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, maana kisarufi halina kosa. Hata hivyo lilinikera, na leo ningependa kukueleza sababu.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Kati ya mwaka 1788 na 1868, wafungwa wapatao 162,000, wanaume kwa wanawake, walisafirishwa hadi Australia, wengi wao wakitoka Uingereza na Ayalandi. Hapo awali wafungwa wa namna hiyo walipelekwa Marekani. Wamarekani walipojitwalia uhuru, mlango huo ulifungwa, magereza yakafurika, na serikali ikawasweka watu katika meli kuukuu zilizotia nanga mtoni Thames. Ndipo msafara wa kwanza wa meli 11 ulipoondoka Portsmouth mwezi Mei 1787, ukafika mahali panapoitwa sasa Sydney mwezi Januari 1788. Abiria wake wengi walikuwa wamehukumiwa kwa wizi. Sheria ya Uingereza ya zama hizo ilikuwa na makosa zaidi ya 200 yenye adhabu ya kifo, kwa hiyo kuhamishwa ng'ambo kwa miaka 7, 14 au maisha kulihesabiwa kuwa huruma. Huruma gani! Katika msafara wa pili, uliofika mwaka 1790, wenye meli walilipwa kwa kila mfungwa aliyepakiwa, si kwa kila aliyeteremka akiwa hai, na takribani robo ya wafungwa wale walifia safarini.

Sasa nikusimulie habari ya Henry Kable na Susannah Holmes. Henry alihukumiwa kunyongwa mwaka 1783 kwa kuvunja nyumba na kuiba. Baba yake, aliyehukumiwa pamoja naye, alinyongwa. Yeye akapunguziwa adhabu. Susannah naye alikuwa amehukumiwa kufa kwa wizi kabla ya kupunguziwa. Walikutana gerezani Norwich, wakapendana, wakapata mtoto wa kiume humo humo gerezani. Wakati wa safari ulipowadia, mama alitenganishwa kwa muda na mtoto wake, na habari hiyo ikawagusa watu wengi. Walichanga paundi 20 hivi, wakawanunulia nguo na vitu vya kuanzia maisha, furushi likapakiwa katika meli iitwayo Alexander. Walipofika Sydney, ukiacha vitabu vichache, vitu vyao havikuonekana.

Hapa, ewe mwanafunzi wa uraia, tega sikio. Kwa sheria ya Uingereza, mtu aliyehukumiwa kifo alikuwa amekwisha kufa mbele ya sheria, hata kama bado anapumua. Hakuwa na mali wala hakuweza kumdai mtu mahakamani. Lakini mwezi Julai 1788, koloni likiwa halijatimiza miezi 6, kesi ya kwanza ya madai katika nchi hiyo ilifunguliwa na wafungwa hao wawili, mdaiwa akiwa nahodha wa meli. Wakashinda! Nahodha akaamriwa kuwalipa paundi 15. Na katika hati ya madai hawakuitwa wafungwa. Waliitwa walowezi wapya wa mahali pale.

Mimi siamini kwamba hilo lilikuwa kosa la kalamu. Kila mtu katika kambi ile alijua Henry na Susannah ni nani. Naamini waliokuwa na mamlaka walitambua kwamba jamii ambayo nusu yake na zaidi haina pa kudai haki yake haiwezi kudumu, wakachagua neno lililowafungulia watu hao mlango wa mahakama. Miaka michache baadaye Kable alikuwa mkuu wa askari wa mji huo, kisha mfanyabiashara mwenye meli. Mtaani kwetu yupo seremala aliyemaliza kifungo chake miaka mingi iliyopita; meza ninayoandikia aliitengeneza yeye. Majirani bado humwita "yule mfungwa". Ninapoisoma habari ya Kable, humfikiria huyo.

Usidhani kila mfungwa alibahatika hivyo. Wengi waligawiwa kwa mabwana wenye mashamba, wakatumika bila mshahara hadi wapate cheti cha ruhusa cha kujitafutia kazi katika wilaya fulani. Bwana hakuruhusiwa kumchapa mfungwa kwa mkono wake. Ilibidi ampeleke kwa hakimu. Kanuni nzuri hiyo, ila hakimu mara nyingi alikuwa jirani mwenye shamba kama yeye, na viboko 50 viliamriwa kwa mfungwa aliyejibu kwa ukaidi. Waliorudia makosa walipelekwa kisiwa cha Norfolk au gereza la Port Arthur huko Tasmania, na karibu na gereza hilo lilijengwa jingine la wavulana. Hata aliyemaliza miaka yake 7 alikuwa huru kwa jina tu ikiwa alitaka kurudi kwao, kwa kuwa nauli ilikuwa juu yake.

Turudi kwenye neno "mlowezi". Limetokana na kitenzi "lowea", yaani kuhamia ugenini na kufanya makazi ya kudumu. Kwa Kable neno hilo lilikuwa ukombozi. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tunalifahamu kwa upande wa pili: jirani zetu wa Kenya walilitumia kwa Wazungu waliotwaa nyanda za juu, na wengine wakasema "masetla", kwa ladha chungu zaidi. Ladha hiyo chungu ilikuwepo Sydney pia. Ardhi ambayo Henry na Susannah walitajwa kuwa walowezi wake ilikuwa ya Wagadigal, ambao hawakuiuza wala kuulizwa. Mfungwa mwizi alisikilizwa mahakamani. Mwenyeji asiye na kosa lolote hakusikilizwa, kwa kuwa kwa miongo mingi ushahidi wa wenyeji ulikataliwa kwa hoja kwamba si Wakristo na hawawezi kula kiapo. Ni mwaka 1992 tu, katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake, ambapo Mahakama Kuu ya Australia ilikiri kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya Waingereza kufika.

Yupo pia Mwafrika katika habari hii, nami nashangaa kwamba hatajwi madarasani kwetu. David Stuurman alikuwa kiongozi wa Wakhoi katika Rasi, Afrika Kusini. Aliwapinga walowezi waliokuwa wakitwaa ardhi ya watu wake, akafungwa Robben Island, akatoroka mara mbili. Waingereza wakaona dawa yake ni bahari pana zaidi: mwaka 1823 alifikishwa Sydney kama mfungwa. Mtu aliyepigana na walowezi kwao akawekwa kuwajengea walowezi kwingine. Alifariki huko mwaka 1830, na makaburi alimozikwa baadaye yaliondolewa ili kupisha stesheni kuu ya reli. Mwaka 2017 wazee wa Kikhoi walisafiri hadi Sydney kufanya ibada ya kuirejesha roho yake nyumbani, na tangu mwaka 2021 uwanja wa ndege wa jiji lililoitwa Port Elizabeth una jina lake.

Insha yako utaipokea Jumatatu. Neno "wahalifu" nimeliacha lilivyo, pembeni yake nimeandika "Stuurman?" kwa kalamu ya risasi, na ningependa unijibu kwa aya moja.